Baba Gaëlle, Uliyeshika Ncha ya Kitambaa Cheupe

Mwaka umetimia, Baba Gaëlle, tangu Jumanne ile ya jua la baridi ulipotuachia cherehani ikiwa bado na suruali ya mtu chini ya sindano. Mwenye suruali alikuja wiki ya pili. Aliushika mguu mmoja, akatazama pindo uliloliacha katikati, akaomba apewe hivyo hivyo. Tunasikia anaivaa hivyo hivyo mpaka leo.

Tunaandika haya kwa ajili ya karatasi ya Jumapili ya parokia yetu ya Mtakatifu Edmundi, hapa Malvern, Johannesburg. Anayeshika kalamu ni mimi Chris, mdogo wako, lakini maneno ni ya wote. Mama Gaëlle yuko mezani na chai yake. Wanao Gaëlle na Cédric wanasahihisha, ingawa Kiswahili chao kina "eish" za mitaa ya hapa nyingi kuliko vitenzi, na mdogo wao Murielle amelala kwenye kochi na viatu vyake. Tukikosea utatuwia radhi. Ulizoea kutusahihisha ukiwa na pini mdomoni, na bado tulikuelewa.

Tunakukumbuka dukani Jules Street wakati wa alasiri, mlango wazi, vumbi la barabara likielea kwenye mwanga. Ulishona huku ukiimba zaburi za sala ya jioni, zile ulizozikariri kwa baba yetu katekista kule Boga, Kongo, na cherehani ikakufuata taratibu. Mteja akiingia hukunyamaza, ulimpima kiuno katikati ya mstari. Wapo waliokuja na nguo nzima isiyo na tatizo lolote, wakakaa kwenye benchi, wakasema wanangoja mvua ipite. Mvua yenyewe haikuwepo.

Sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwako. Pindo ulilikunja kubwa makusudi, ili mtoto akirefuka pawepo pa kushusha, na ukimwona njiani miguu imetoka nje ulimwita ndani bila kungoja mama yake. Ndiyo maana watoto wengi wa Malvern wana mstari wa rangi mbichi, pale pindo liliposhushwa, chini ya sketi na suruali zao. Tukiupita mstari huo barabarani tunajua ni kazi yako.

Jirani yako Bakiri, Mtanga mwenye duka la vitambaa mlango wa pili, alikutania tangu mwanzo. "Wewe Damien, ulianza kwa Waingereza, sasa waenda kwa Warumi. Kwa mwendo huu Makka wafika lini?" Ukamjibu bila kuinua uso, "Nitafika, Bakiri, lakini mi natembea kwa miguu." Alisimulia jibu lile kwa kila mteja mpaka wateja wakawa wanalimalizia wenyewe.

Kwa wageni wasiojua tulikotoka: sisi tulikuwa Waanglikana. Padre Clive, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, alikuwa padre wa Kianglikana, na kanisani kwake tulikuwa makundi mawili tu, mabibi wazee waliobatizwa humo na Wakongo tuliotoka Ituri. Roma ilipofungua mlango ili Waanglikana waingie na mapokeo yao, na sala zao, na nyimbo zao, na hata padre wao na mkewe, tulikaa vikao mwaka mzima na chai ikapoa mara nyingi. Wewe ulikuwa msomaji wa kanisa. Siku ya kikao kikubwa ulisimama ukatukumbusha kwamba mwaka ule wa vita, pale Bunia, tulikimbilia kwa Wakatoliki tukalala siku kumi na tisa kwenye ua wa parokia yao, na hakuna aliyetuuliza tunasali wapi.

"Mi nililala kwao," ulisema. "Sasa nataka niingie kwa mulango, siyo kwa kuruka ukuta."

Ukaketi. Watu thelathini na saba walikufuata, mabibi wazee kumi na wanne wakiwemo. Sikukuu ya Pentekoste ya mwaka 2011 wakapokelewa wote, na kila mmoja akapewa mshumaa. Wewe peke yako hukupokelewa, ingawa ndiwe uliyetuongoza, na mshumaa wako ulirudi nyumbani haujawashwa.

Kabla ya Johannesburg, kabla ya Mama Gaëlle, ulikuwa na mke. Jina lake Arlène, na mlifunga ndoa kanisani Boga. Siku ya kukimbia Bunia mlipotezana barabarani, yeye akiwa na begi la kijani kichwani, na tangu hapo hakuna aliyemwona, akiwa hai wala akiwa maiti. Ulimtafuta miaka mitatu, kambi kwa kambi, mpaka Uganda. Halafu ukashuka kusini nami, ukakutana na Brigitte, Mkatoliki wa Bukavu, mkaandikishana ndoa serikalini, akazaliwa Gaëlle, nyumba ikapata kelele.

Kanisa halikukufukuza. Lilisema kwa upole kwamba huenda mke wa kwanza yu hai. Ili upokelewe, ufunge ndoa na Brigitte mbele ya altare na kupokea komunyo, ilibidi askofu atamke kwamba Arlène amefariki. Na ili askofu atamke, ilibidi uandike kwa mkono wako kwamba unaamini hivyo, na mashahidi waulizwe. Padre Clive mwenyewe alikuletea karatasi ile dukani.

Ukakataa kuiandika. Ulimwambia mkeo, nami nikiwepo, "Mi sikuona mwili yake. Namna gani nitaandika ya kwamba alikufa? Kama eko njiani, anakuja, anakuta mi nilishamuzika?" Ukaikunja karatasi, ukaiweka kwenye droo ya vifungo, na kila aliyetaka kifungo cheusi alilazimika kuisogeza.

Kukataa kwako kulimfunga na yeye pia. Mama Gaëlle alipokea komunyo tangu ana miaka tisa, na sasa, kwa sababu ya ndoa yenu, naye alibaki kwenye benchi. Hakukulaumu mbele za watu hata siku moja. Tulimwona tu akishusha macho wenzake walipoinuka, na wewe ukimwona akishusha macho.

Kanisa tunalosalia si letu. Wenyeji wetu husali asubuhi, na sisi hupewa saa tisa alasiri, wakati mtaa umeshiba na mbwa wamelala. Mwanzoni walikuja kuchungulia padre mwenye mke, watoto watatu na kaptura ya kiraka uliyomshonea wewe. Walikuta pia watu wanaopiga magoti bega kwa bega kupokea, kama tulivyozoea tangu kwa babu zetu, na kanisa lao halina reli ya kupigia magoti. Bibi mmoja aliinama akashindwa kuinuka, ikabidi misa imngoje.

Padre Clive akatuambia kwamba zamani sana, mahali pasipo na reli, watu wawili walishika kitambaa kirefu cheupe mbele ya waliopiga magoti. Kesho yake ulikuwa kwa Bakiri. Akakutolea jora, akakuonya, "Hii ni bafta, Damien. Sisi twavishia maiti." Ukamwambia kitambaa hakijui kazi yake mpaka kiambiwe. Ulikata vipande vitatu, ukaviunga kwa mkono, mita tisa kamili, na mpaka leo hatujaona mahali vilipoungwa.

Ikabaki swali la nani ashike ncha, maana mwenye kushika hawezi kupiga magoti na wenzake. Ukainua mkono. "Mimi na Mama Gaëlle tuko na nafasi," ulisema. Watu wakacheka kidogo, halafu wakaelewa, wakaacha.

Miaka kumi na moja mlikishika, wewe ncha ya kulia, yeye ya kushoto, na kanisa zima likipiga magoti kati yenu. Saa tisa na nusu jua huingia kwa dirisha la magharibi, na bafta ile iligeuka rangi ya chai ya maziwa. Wazee walifumba macho, watoto wakafungua midomo, Padre Clive akapita polepole na viatu vyake visivyo na sauti. Sisi tulitazama chini kwa heshima, nyinyi wawili mlitazamana juu ya vichwa vyetu. Zilikuwepo Jumapili tulizohisi kwamba tumo ndani ya usingizi wa mtu mwema, na kwamba tukisema kwa nguvu ataamka. Tukitoka nje Jules Street ilikuwa pale pale, teksi zikipiga honi, nasi tulihitaji dakika moja kukumbuka tunaelekea wapi.

Sasa tuseme habari ya kitabu, maana bila kitabu wageni hawatatuelewa. Katika mapokeo yetu maombi husomwa kwa majina. Kitabu kina kurasa za wagonjwa, za wasafiri na za marehemu. Jina la msafiri likisomwa, watu hujibu, "Bwana, mrudishe salama." La marehemu likisomwa, hujibu, "Raha ya milele umpe." Jumapili ya kwanza kabisa uliandika Arlène kwenye kurasa za wasafiri, na hapo akakaa. Wageni walidhani ni mfanyabiashara wa basi la Lubumbashi, wakamwonea huruma kwa jinsi asivyopumzika.

Na Mama Gaëlle alijibu pamoja nasi. Kila Jumapili, kwa miaka kumi na moja, mwanamke yule alimwomba Mungu amrudishe salama mke mwenzake. Tulilizoea jambo hilo mpaka tukaacha kuliona, na leo tunaona aibu.

Kitabu kile kilichakaa, nta ya mishumaa ikagandisha kurasa, na Mama Gaëlle mwenye mwandiko mzuri akajitolea kunakili kipya. Jumapili iliyofuata zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nikasoma wagonjwa. Nikasoma wasafiri, na sikugundua pengo. Nikaingia marehemu, jina baada ya jina, watu wakijibu kwa ile sauti ya alasiri iliyolegea. Nikasoma, "Arlène." Kanisa zima likajibu, "Raha ya milele umpe," na sauti yako ilikuwemo, nzito, sawasawa na ya wengine.

Hapo ndipo nilipoinua macho. Ulikuwa umesimama kinywa wazi. Wakati wa komunyo ulishika ncha yako kama kawaida, lakini upande wa kulia kitambaa kilishuka mpaka magotini, na bibi wa mwisho akapokea bila kitu mbele yake.

Nyumbani Mama Gaëlle alikwambia, "Nilichanganya mistari, Baba Gaëlle. Unisamehe." Ukaitikia kwa kichwa. Siku tatu hukuimba dukani. Bakiri alikuja kuuliza kama unaumwa koo, akaondoka bila kutania, jambo ambalo halijapata kutokea. Siku ya nne ukamwambia mkeo, "Kinywa yangu ilimuombea raha kabla mi mwenyewe nikubali. Basi nikangoja roho ikatae. Nimengoja siku tatu. Haikukataa."

Ukafungua droo ya vifungo, ukaandika.

Uchunguzi ulichukua mwaka. Mimi niliulizwa, na wengine wawili tuliokimbia nao, na barua zikaenda Bunia zikarudi. Askofu alipotamka, hukukimbilia harusi. Uliomba kwanza misa ya Arlène, ukavaa suti nyeusi, ukapokea pole za watu mlangoni, na Mama Gaëlle alisimama kando yako akizipokea pia. Tulilia wote siku ile. Arlène alikuwa amesubiri miaka ishirini bila matanga.

Baada ya mwezi ukapokelewa, ukafunga ndoa, ukapokea, vyote katika alasiri moja. Gaëlle na Cédric walishika kitambaa. Ulipopiga magoti mikono yako ilitafuta ncha ya kushika, ikapapasa hewani, Padre Clive akangoja kwa subira mpaka ukaikutanisha. Mama Gaëlle alikuwa ubavuni mwako. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona mmekaa upande mmoja wa kitambaa kile, na mabibi wazee waliofundishwa wasigeuze shingo kanisani waliigeuza.

Ulipokea komunyo miezi kumi na minne. Kisha figo zikachoka, na sisi tukajifunza njia ya hospitali.

Wiki moja baada ya kukuzika nilifungua kitabu ili nisome maombi. Kwenye marehemu hukuwepo. Nilikukuta kwa wasafiri, kwa mwandiko ule ule mzuri: Damien. Nikamtazama Padre Clive, naye akatazama dari. Nikasoma. Kanisa zima likajibu, "Bwana, mrudishe salama," na hakuna aliyecheka wala aliyekohoa. Tumekuombea hivyo mwaka mzima, Baba Gaëlle, tukijua vizuri sana ulikolala, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia Mama Gaëlle abadilishe.

Wiki iliyopita tulikaa kupanga tangazo hili. Mama Gaëlle akaweka kikombe chini, akasema liandikwe neno moja ambalo hukuwahi kulisikia kwake.

"Chris, siku ile sikuchanganya mistari. Nilijua niko naandika nini. Nilichoka kumuona huyu mwanamke njiani kila siku ya Mungu. Nilitaka apumzike, na mimi nipumzike. Baba Gaëlle alikufa akijua ni makosa." Akaendelea, "Ule nilimutoa njiani kwa kalamu moja. Huyu wangu, mwaka muzima, mukono inakataa. Sasa ndiyo naelewa nilimufanyia nini."

Gaëlle alimshika bega. Nami ikanibidi nitoe nililokuwa nimelificha, ingawa uliniapisha. Siku zako za mwisho, pale kitandani, uliniambia hivi: "Mama Gaëlle anapima mara tatu mbele ya kukata. Ule hakoseage mustari. Nilijua tangu siku ya kwanza. Usimuambie, ataona haya. Alinibebea kitu mi nilishindwa kubeba."

Nimevunja kiapo chako, unisamehe. Ungemwona uso wake ungenisamehe haraka. Hakulia. Alimwomba Cédric amletee kitabu na kalamu nyeusi.

Jumapili hii saa tisa alasiri, katika misa ya kutimiza mwaka wako, msomaji atakuwa Mama Gaëlle mwenyewe. Kwenye wasafiri hutasomwa. Atafungua marehemu, atamsoma Arlène kwanza kwa kuwa alitangulia, halafu atakusoma wewe. Ametuomba wote tujibu kwa nguvu, kwa sababu hana hakika kama sauti yake itafika.

Tunaokukumbuka ni mkeo Brigitte. Wanao Gaëlle, Cédric na Murielle. Mdogo wako Chris. Padre Clive na mkewe. Waamini wote wa Mtakatifu Edmundi. Na jirani yako Bakiri, aliyesema aandikwe hata kama yeye anasali kwingine.

Haitapita Jumapili bila kukutaja, Baba Gaëlle.